UZI: Siku moja ya mtumbwi Kivu kwa sisi tusiojua kupiga kafi. Goma au Bukavu? Na ni kweli ziwa linavuta watu?

#1 Himbi_Juu (Goma)
Wakubwa kwa wadogo, habari za humu.

Tuko walimu sita wa shule moja hapa mjini. Mwaka wa shule ukiisha, mwezi wa saba, tunataka kutoka siku moja ziwani. Si boti ya mota, ni mtumbwi wa kafi, tupige wenyewe. Tutoke asubuhi, tupate mahali pa kivuli pasipo na kelele za mji, tule, turudi kabla ya giza. Hakuna kati yetu aliyewahi kushika kafi, na wawili hawajui kuogelea hata kidogo.

Nauliza mambo mawili. La kwanza ni njia: mtu anayeanza apite wapi? La pili ndilo linalonisumbua zaidi. Kila ninayemwambia mpango huu ananijibu kwamba Kivu linavuta watu. Kwamba kijana mwenye nguvu, anayeogelea tangu utotoni, anaingia maji yakiwa yametulia kabisa, mita chache kutoka ukingoni, anapotea bila hata kuita. Wengine wanasema gesi, wengine mamba muntu, yule mwanamke wa majini, wengine wanatikisa kichwa tu. Kabla sijawapandisha wenzangu mtumbwini nataka kuelewa ni kitu gani.

#2 Mwana_Nyofu (Bukavu)
Mwalimu, karibu. Kwa njia, jibu ni fupi: njooni Bukavu. Mji wetu umeingia ziwani rasi baada ya rasi, na katikati kuna ghuba ambako upepo haufiki mapema. Unaweza kuzunguka kutwa nzima kati ya La Botte na Muhumba na hutakuwa mbali na nchi kavu kiasi cha kuita usisikike. Goma mkitoka tu, ziwa lote liko wazi mbele yenu.

#3 Kituku_Kwetu (Goma)
Watu wa Bukavu, hata mtu akiuliza njia ya Sake, hapa jirani na Goma, mtamwambia apitie Bukavu.

Himbi_Juu, hapa kwetu kuna Tchegera. Kile kisiwa ni ukingo wa kreta ya volkeno iliyozama, kimejipinda mwezi mchanga, na ndani ya ule upinde maji yanatulia wakati nje kuna mawimbi. Ni sehemu ya Pariki ya Virunga, kwa hiyo hujiendei tu. Unauliza kwanza kama pariki inapokea watu kipindi hicho, na hali ya usalama ikoje.

#4 Idjwi_Kusini
Tchegera kwa kafi, watu ambao hawajawahi? Hapana. Kutoka Goma mpaka pale ni maji wazi. Kama wanapataka sana, waende kwa mota na mtumbwi ukivutwa nyuma, halafu wapige kafi ndani ya upinde.

Mwalimu, hesabu hivi. Wanaoanza, watatu kwenye mtumbwi mmoja, wanakwenda kama kilomita tatu au nne kwa saa maji yakiwa mazuri. Upepo ukiwapiga usoni, mnapiga kafi mkitazama mti ule ule pembeni yenu, haurudi nyuma. Kwa hiyo saa mbili za kwenda zinaweza kuwa saa nne za kurudi, na wakati huo mikono imeshachoka. Fuateni ukingo, msikate ghuba katikati hata mkiona ng'ambo iko karibu. Ng'ambo ya Kivu siku zote inaonekana karibu.

Halafu mwezi wa saba ni kiangazi. Upepo wa kusini unaamka kila siku. Mimi ningewashauri mwezi mwingine.

#5 Nesi_Keshero (Goma)
Mwalimu, nafanya kazi kwenye kituo cha afya karibu na ziwa. Kuhusu gesi, tutenganishe mambo mawili ambayo watu wanayachanganya kila siku.

Gesi ya ziwa ni kweli ipo, lakini iko kilindini. Ni kaboni dioksidi na methani iliyoyeyuka kwenye maji ya chini, zaidi ya mita mia mbili kwenda chini. Maji yale yana chumvi nyingi kuliko ya juu, ni mazito, hayapandi kuchanganyika na haya tunayoogea. Anayepiga kafi juu hapumui gesi ile.

Inayoua watu wetu ni mazuku. Nayo ni kaboni dioksidi, ila hii inatoka ardhini, kwenye nyufa za mawe ya lava. Ni nzito kuliko hewa, inajikusanya mashimoni na kwenye vibonde, hasa magharibi ya mji: Bulengo, Lac Vert, kufuata njia ya Sake. Haina rangi wala harufu. Mbuzi anaanguka shimoni, mtoto anashuka kumtoa, naye anaanguka.

Na mazuku yanazidi usiku na alfajiri, hewa ikiwa imetulia. Sasa angalieni: kila mtu anamwambia anayeanza atoke alfajiri kwa sababu hakuna upepo. Utulivu ule ule ndio unaoacha gesi ikae chini. Mtu anaingiza mtumbwi kwenye kijighuba chenye kuta za lava pande zote, saa kumi na mbili asubuhi, anainama usawa wa maji afunge kamba kwenye jiwe. Hapo ndipo ninapoogopa. Naamini baadhi ya wale wanaosemwa "wamevutwa" ukingoni walivuta hewa isiyo na oksijeni, wakalegea, wakazama.

#6 Fizi_Kwetu (Bukavu)
Asante nesi kwa somo. Lakini Bukavu nako watu wanazama vilevile, na mazuku tunayasikia Goma tu. Kwa hiyo hayo hayatoshi kuwa jibu.

Nionavyo mimi ni umbo la ziwa. Kivu halina ufukwe wa kushuka polepole. Unatembea, maji yanafika kifuani, hatua inayofuata hakuna chini. Anayejua "kuogelea" kwa kugusagusa chini kwa vidole vya miguu anakutana na shimo, anameza maji, basi.

#7 Ndosho_Leo (Goma)
Hamjui ziwa hili nyie. Lina kina cha zaidi ya kilomita moja, na gesi ile siku ikipanda tutakwisha wote kwa dakika moja, kama kule Kameruni. Na ninyi mnapanga pikiniki.

#8 Mwalimu_wa_Jeo (Goma)
Ndosho_Leo, polepole. Kina kirefu kabisa cha Kivu ni kama mita 480 na kidogo. Chenye zaidi ya kilomita ni Tanganyika, kinakaribia mita 1,470. Kivu lenyewe liko juu sana, mita 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari, labda ndiyo namba uliyochanganya.

Ya Kameruni ni ziwa Nyos, 1986, watu kama 1,700 walikufa usiku mmoja. Kivu lina gesi nyingi kupita Nyos kwa mbali sana, na hatari yake inafuatiliwa kweli. Lakini lava ya Nyiragongo iliingia ziwani Januari 2002, ikapita katikati ya mji huu, na gesi ya kilindini haikupanda. Upande wa Rwanda, karibu na Karongi, wanaivuta methani na kutengeneza umeme, megawati 26. Hiyo si sababu ya mwalimu kukaa nyumbani Jumamosi.

Ila kuna sehemu moja ya kuepuka: ghuba ya Kabuno, kule karibu na Sake. Pale maji yenye kaboni dioksidi yako karibu mno na juu, mita kumi na kitu tu kwenda chini. Ile si sehemu ya kufundishia mtu.

#9 Ndosho_Leo (Goma)
Sawa mwalimu, mita 480. Bado hakuna mtu wa kuzifikia miguu ikiwa chini.

#10 Lushois_Kenya (Lubumbashi)
Nasoma uzi wenu kutoka Lubumbashi na naona mnaruka jambo moja. Hapa Katanga hakuna mzee asiyejua mamba muntu. Mwanamke wa majini, nywele ndefu, anampenda mtu anamchukua. Tshangalele, Lufira, Lualaba, kote anajulikana. Msiseme ni hadithi za watoto. Wavuvi wazima wanakataa kupita sehemu fulani wakati fulani, na wale hawazami.

#11 Fundi_Mitumbwi (Kalehe)
Lushois, wavuvi wale hawazami kwa sababu wanakataa kupita. Mahali ambapo baba yangu alinikataza nimekuja kuona mwenyewe: ni pale upepo wa bonde unaposhukia ziwani ghafla. Sisemi mamba muntu hayupo, sijabishana naye.

Mwalimu, mimi natengeneza mitumbwi, ngoja nikupe ya mkononi.

Mkikodi mtumbwi wa mbao, uliza ulilala wapi. Ukiwa umekaa juani ukingoni wiki nzima, mbao zimekauka, mishono imefunguka, utavuja. Mwambie mwenyewe auingize majini siku moja kabla, mbao zivimbe zijifunge. Ukifika, panguseni ndani pakauke, kisha ukae nao majini kidogo mkitazama mishono. Jasho tu si tatizo. Ukiona maji yanatembea, rudisha.

Mtumbwi wa gogo moja usiupande. Ule unapinduka kwa mtu aliyegeuza shingo kusalimia.

Kukaa: wote chini, magoti yakigusa kuta, hakuna wa kukaa juu ya ukingo, hakuna wa kusimama kupiga picha. Mbele akae mwenye pumzi, yeye kazi yake ni kuvuta na kuweka mwendo. Katikati akae asiyejua kuogelea. Nyuma ndiyo roho ya mtumbwi, na kwenu huko nyuma akae mvuvi. Mko sita, chukueni mitumbwi miwili, kila mmoja na mvuvi wake.

Lakini mwombe akufundishe, maana ndiyo raha yenyewe. Ukivuta kafi upande wa kulia, mtumbwi unataka kwenda kushoto. Wageni wanabadilisha upande kila mara na wanachora nyoka mpaka jioni. Usibadilishe. Vuta mpaka kafi lifike kiunoni, halafu geuza mkono wa juu mpaka dole gumba litazame chini, bapa lisimame ubavuni mwa mtumbwi, lisukume nje kidogo. Kidogo tu. Mtumbwi unanyooka. Asubuhi moja inatosha kuanza kuuelewa.

Na kila mtumbwi uwe na kopo la kutolea maji, bidoni ya lita tano iliyokatwa, limefungwa kwa kamba. Lisilofungwa ndilo linaloondoka la kwanza.

#12 Mama_Sambaza (Goma)
Fundi, Mungu akubariki, umeandika vizuri. Niongeze: asubuhi watakutana na wavuvi wa sambaza wanarudi, ile mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, na wanaimba ili makafi yaende pamoja. Msiwakatie njia mbele. Wamefanya kazi usiku kucha kwa taa, na nyavu zao ni pana kuliko mnavyoona. Salimieni, pisheni. Samaki wa babu zetu hao.

#13 Mwalimu_wa_Jeo (Goma)
Mama, kwa heshima: sambaza si wa babu zetu. Ni ndugu wa wale dagaa wa Tanganyika, Wabelgiji walimleta Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla yake katikati ya ziwa hapakuwa na samaki wa kuvua hivyo. Hata leo Kivu lina aina chache za samaki, hazifiki thelathini.

#14 Mama_Sambaza (Goma)
Basi ni wa baba zetu. Mimi nimesomesha watoto kwa huyo samaki, amekwisha kuwa mwenyeji.

#15 Kadutu_Duluth (Marekani)
Salamu kutoka Minnesota, nilikulia Kadutu, Bukavu. Nimefurahi kuona uzi huu, maana huku mtumbwi ndiyo ulionirudishia akili baada ya kufika.

Kaskazini yetu, mpakani na Kanada, kuna eneo linaitwa Boundary Waters. Maziwa zaidi ya elfu moja ndani ya msitu, na karibu kote mota ni marufuku. Kwa safari ya siku moja ya kafi unajaza kibali mwenyewe pale unapoingilia, bure. Kundi lisizidi watu 9 na mitumbwi 4. Chupa za glasi na mikebe ya chakula au vinywaji hairuhusiwi. Kati ya ziwa na ziwa unabeba mtumbwi mabegani kwa njia ya msituni, kwa hiyo anayeanza anachagua ziwa ambalo halimlazimishi kubeba mbali.

Tabia mbili za huku zingewafaa. Moja, kabla ya kutoka unamwachia mtu wa nyumbani karatasi: tunapita wapi, tunarudi saa ngapi, tusipoonekana saa fulani umwite nani. Mbili, jile, lile koti la kuelea, inavaliwa na kufungwa. Haikaliwi.

Kuhusu kuvutwa: huku wanaokufa wengi ni baridi. Maji yanatoka kwenye barafu mwezi wa tano, mtu akianguka anashtuka, anavuta pumzi bila kutaka, anavuta maji. Mwogeleaji hodari anakwisha kwa dakika chache. Labda Kivu nako ni hivyo.

#16 Kituku_Kwetu (Goma)
Yaya Duluth, watu wazima wanabeba mtumbwi mabegani kwa starehe? Huku mtumbwi ndio unatubeba sisi.

#17 Nesi_Keshero (Goma)
Kadutu_Duluth, asante, ya karatasi naichukua. Lakini baridi siioni. Maji ya juu ya Kivu ni nyuzi 23, 24 hivi mwaka mzima. Utachoka ukikaa humo saa nyingi, hutashtuka kwa sekunde.

Na kwa kuwa tunatafuta sababu, nitaje ambayo hakuna aliyeitaja: kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Jumapili mchana, jua kali, vijana wamekunywa, wanashindana kuruka kutoka kwenye mwamba. Mtu akizama hapo familia haitasema alikuwa amelewa. Itasema amevutwa.

#18 Fizi_Kwetu (Bukavu)
Hapo umesema. Lakini nina ndugu aliyezama saa tatu asubuhi, hanywi, mlokole. Alikuwa anaoga tu pale tulipooga sote. Tulimpata palepale aliposhukia, hakwenda popote. Sijui niiweke wapi hiyo.

#19 Nesi_Keshero (Goma)
Pole sana ndugu yangu. Kuna kifafa, kuna moyo, kuna sukari kushuka kwa mtu ambaye hajala. Ardhini anaanguka anaamka. Majini hapati nafasi ya kuamka. Lakini bila daktari kumwangalia, hakuna wa kusema.

#20 Idjwi_Kusini
Poleni Fizi.

Na kubana pumzi je? Vijana wetu wa kisiwani wanashindana kukaa chini ya maji, wanahema haraka haraka kwanza, kisha wanazama kwa hiari. Mmoja haibuki. Hakuna kelele, hakuna kupigapiga mikono. Ukimwona kutoka ukingoni utaapa kwamba kuna kitu kilimshika mguu.

#21 Himbi_Juu (Goma)
Nasoma yote, asanteni sana. Kila maelezo yakija naona yanafaa kwa kifo kimoja na hayafai kwa kingine. Fizi, pole kwa ndugu.

Maswali madogo: mamba na viboko? Na maji ya kunywa?

#22 Mwana_Nyofu (Bukavu)
Kivu hakuna mamba, mwalimu. Ukitaka viboko nenda Vitshumbi, ziwa Edward, huko wapo.

#23 Lushois_Kenya (Lubumbashi)
Hilo nalo linanishangaza. Upemba kuna mamba, Tanganyika kuna mamba, Ruzizi ya chini kuna mamba. Kwa nini Kivu hakuna?

#24 Mwana_Nyofu (Bukavu)
Ruzizi ikitoka hapa kwetu inashuka makorongo na maporomoko mpaka bonde la Uvira. Mamba hapandi hapo.

#25 Mwalimu_wa_Jeo (Goma)
Yaweza kuwa. Wengine wanasema ni ubaridi wa miinuko yetu, hapamfai mamba kuangulia mayai. Wengine wanasema wakati fulani zamani gesi ilipanda ikaua viumbe vikubwa vyote, wasirudi. Ziwa lenyewe zamani maji yake yalitiririka kaskazini kuelekea Edward, mpaka volkeno za Virunga zilipoziba njia, yakajaa na kutokea Bukavu. Katika mabadiliko kama hayo lolote linaweza kupotea.

#26 Ndosho_Leo (Goma)
Kwa hiyo gesi iliua mamba lakini mwalimu aende pikiniki. Nimeelewa.

#27 Nesi_Keshero (Goma)
Himbi_Juu, maji ya kunywa bebeni ya kutoka nyumbani, yaliyochemshwa au kutiwa klorini. Ziwani msinywe hata katikati ambako yanaonekana safi. Kipindupindu hapa kwetu hakijawahi kutuacha kabisa, na wazee wa 1994 wanajua kilitufanya nini. Kichocho watu wanasema Kivu hakipo, msitegemee maneno hayo. Kwenye majani ya ukingoni, maji yaliyosimama, msichezee miguu. Na viatu mkishuka Goma: mawe ya lava yanachana nyayo.

#28 Minova_Kwetu
Mimi sina maneno mengi. Oktoba 2024 mashua iliyotoka kwetu Minova ilizama mbele ya Kituku, bandari na soko la Goma, watu wanaitazama kutoka sokoni. Mashua ilikuwa imejaa kupita kiasi. Aprili 2019 nyingine ilizama upande wa Kalehe, wakapotea zaidi ya mia, na rais akaagiza kila abiria avae jile. Leo ukipanda unaona jile zimefungwa fungu moja kwenye kona.

Mnatafuta kinachovuta watu. Kinachovuta watu wengi kwa mara moja kwenye ziwa hili tunakijua sote, na hakikai kilindini.

#29 Mama_Sambaza (Goma)
Minova_Kwetu, Mungu awapumzishe wote. Nilikuwa sokoni siku ile. Siwezi kuandika zaidi.

#30 Fundi_Mitumbwi (Kalehe)
Ni kweli tupu. Mwalimu, jile nane: sita zenu, mbili za wavuvi, maana mvuvi atakataa na mwenye familia ni yeye. Jaribuni ukingoni kabla. Ingia maji ya kiunoni, legeza miguu, ione kama inakubeba mdomo ukiwa juu. Kuna jile sokoni zilizojazwa sponji tu, zinakunywa maji na kukushusha. Ukikosa nzuri, bidoni tupu za lita ishirini, vifuniko vimekazwa, mbili kila mtumbwi, zifungwe ndani kwa kamba. Mkipinduka, shikeni mtumbwi. Mbao hazizami. Msiuache kuogelea kwenda nchi kavu, hata nchi kavu iwe hapo mnaiona.

Na boti za haraka zikipita, mawimbi yake yanafika wakati mmeshazisahau. Elekezeni pua ya mtumbwi kwenye wimbi, kwa mshazari kidogo. Msiwape ubavu.

#31 Mwana_Nyofu (Bukavu)
Himbi_Juu, mkija kwetu kuna jambo la mpaka. Ziwa halina mstari. Kaeni mbali na mahali Ruzizi inapotokea, upande wa Nguba: mkondo unavuta kweli hapo, na ng'ambo ni Rwanda. Mwelezeni komiseri wa ziwa kabla, mbebe vitambulisho. Jua likizama msiwe majini, askari hawaulizi mara mbili.

Kwa mwezi, mimi sikubaliani na Idjwi_Kusini. Kiangazi kina upepo, ndiyo, ila upepo unaujua saa yake. Miezi ya mvua kuna radi, na radi haina saa. Utafiti wa satelaiti wa 2016 uliiweka Kabare ya kwanza Afrika nzima kwa radi, zaidi ya mara 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ukiwa kwenye mtumbwi, kitu kirefu ziwani ni wewe.

#32 Mwalimu_wa_Jeo (Goma)
Nyongeza ndogo: jina ni Kabare, ila sehemu yenyewe inayopigwa hivyo iko nyuma ya milima, magharibi, kwenye msitu. Juu ya ziwa si kiasi hicho. Lakini ukisikia ngurumo, toka majini, hilo halibadiliki.

#33 Idjwi_Kusini
Mwana_Nyofu, upepo unaujua saa yake ndani ya ghuba zenu. Njoo mkondo wa Idjwi mwezi wa saba uniambie saa yake. Siku moja saa nne, siku nyingine saa nane, siku nyingine umelala nao. Wazee wetu wanatazama ukungu wa milima ya Kahuzi, wengine wanatazama moshi wa jikoni, na hata wao hawakubaliani.

Mimi ningekwenda mwezi wa sita mwanzoni, au mwisho wa mvua.

#34 Himbi_Juu (Goma)
Wenzangu wamesoma uzi wote. Tumekubaliana hivi: Bukavu, kwenye ghuba, mitumbwi miwili na wavuvi wawili nyuma. Karatasi itabaki kwa mke wa mwenzetu mmoja. Tutaingia majini saa moja na nusu, jua likiwa limeshapasha hewa, tushuke kula saa nne, na tuanze kurudi kabla ya saa sita hata tukiwa bado tuna nguvu. Hakuna wa kuoga bila jile, hakuna kasiksi. Mwezi bado tunabishana, kama ninyi.

Kuvutwa sijapata jibu moja, na sidhani litapatikana humu. Nitamweka asiyejua kuogelea katikati.

#35 Idjwi_Kusini
Saa moja na nusu mmechelewa. Ingieni kumi na mbili na nusu, ghuba ya Bukavu haina mazuku ya kuogopa.

#36 Nesi_Keshero (Goma)
Kwa Bukavu sipingi. Ila anayesoma hapa akiwa Goma asichukue saa hiyo kwenda nayo Bulengo.

#37 Kituku_Kwetu (Goma)
Na Lac Vert je, kuzunguka kwa mtumbwi? Ni dogo, limefunikwa na kuta, upepo haufiki kabisa. Naona lingefaa wanaoanza.

#38 Nesi_Keshero (Goma)
Kituku_Kwetu, rudi usome #5.